Jedwali la Madaftari Mawili

Mtu aliyezaliwa Kipili hahitaji kufundishwa maana ya orodha. Kabla sijaenda shule nilikuwa nimekwisha kuzijua mbili kwa moyo: orodha ya mitumbwi iliyotoka jioni na taa zake kwenda kuvua dagaa, na orodha ya wanawake waliongoja ufukoni alfajiri na ndoo zao. Kila mtumbwi uliporudi ulikutana na kila mwanamke, maana hapakuwa na mvuvi aliyewauzia wote kwa bei moja, wala mwanamke aliyeikubali bei ya kwanza. Mitumbwi 12 na wanawake 30 ni mapatano 360, na yote yalikwisha kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Ufipa iliyo nyuma yetu. Hayakufanywa moja baada ya jingine. Yalifanywa kwa pamoja, kwa kelele, kila jozi ikishughulika na neno lake, na hakuna patano lililongoja jirani yake liishe. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nikitazama jambo ambalo baadaye ningelipia karo ili nifundishwe.

Jambo hilo wahesabu huliita zao la nje. Chukua orodha moja, chukua ya pili, kisha chukua fankisheni, yaani kanuni inayopokea vitu viwili na kurudisha kimoja. Itumie kanuni hiyo kwa kila kitu cha orodha ya kwanza pamoja na kila kitu cha orodha ya pili, upate jedwali ambalo mistari yake ni mingi kama vitu vya orodha ya kwanza, na vyumba vya kila mstari ni vingi kama vitu vya orodha ya pili. Jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya daftari la shule ni zao la nje la nambari 1 mpaka 12 kwa zenyewe. Walakini si lazima kanuni iwe ya kuzidisha. Kenneth Iverson, mwanahesabu wa Kanada ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 ndicho chanzo cha lugha ya kompyuta iitwayo APL, aliliweka zao hili katika lugha yake kwa namna ambayo kanuni yoyote ya vitu viwili yaweza kushika mahali pa kuzidisha: kujumlisha, kulinganisha, kuchagua kilicho kikubwa. Nilipoisoma habari hiyo Dar es Salaam niliwakumbuka wanawake wa ufukoni. Kanuni yao ilikuwa kubishana.

Lugha niliyoipenda mimi ilikuwa Haskell, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1990, nayo iliitwa kwa jina la mwanamantiki Haskell Curry. Katika lugha ya namna hii programu haisemi, "fanya hiki, kisha badili kile." Husema kitu fulani ni nini kwa kukitaja kwa vitu vingine. Fankisheni yake ni safi: ukiipa vitu vilevile itakujibu jibu lilelile, leo na kesho, wala haitagusa daftari la mtu ikiwa njiani. Kwa ajili hiyo zao la nje laweza kuandikwa kwa mstari mmoja mfupi, na kila chumba cha jedwali hakina deni kwa chumba kingine. Ukianza juu, ukianza chini, ukianza katikati, jedwali ni moja. Basi ukiwa na wafanyakazi wanne wagawie mistari, kila mmoja aende zake. Katika lugha za mtindo mwingine, wafanyakazi wanne wenye kuandika katika ukurasa mmoja hugombania kalamu, na hesabu ya huyu hufutwa na mkono wa yule. Hapa hakuna cha kugombania.

Hayo ndiyo niliyoyajua, na kwa kuyajua hayo nilijiona bingwa. Mwaka 2014 nilirudi Kipili kwa likizo.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wanawake walioungana kukausha dagaa na kuwauza kwa gunia. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamempa magunia mchuuzi mmoja, ambaye sitamtaja, naye akiwalipa kidogo kidogo. Wanawake walikuwa na daftari lao la magunia waliyoyatoa, lenye mistari 4,800. Mchuuzi alikuwa na daftari lake la malipo, lenye mistari 3,900. Kila mtu aliweza kuona kwamba hesabu hizo hazilingani. Mchuuzi alisema wanawake wameandika magunia mengine mara mbili. Wanawake walisema yeye hakulipa. Kilichotakiwa ni kujua mstari upi wa daftari hili una mwenzi wake katika daftari lile, na upi hauna.

Kazi hiyo ingekuwa rahisi kama majina yangeandikwa kwa namna moja. Lakini daftari la wanawake liliandikwa na binti wa shule, na baada yake mwingine, na mwingine. Na la mchuuzi liliandikwa na vijana wake waliotoka huku na huku. Mwanamke aliyeitwa Kristina huku aliitwa Kirisitina kule, na ukurasa wa pili akawa Kilistina. Macho ya binadamu huona ni mmoja. Mashine huona watatu. Dawa yake ni ya zamani kidogo: mwaka 1965 Vladimir Levenshtein, mwanahesabu wa Urusi, alieleza namna ya kupima umbali kati ya maneno mawili kwa kuhesabu herufi chache kabisa zinazohitaji kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Kati ya Kristina na Kirisitina umbali ni 2. Kati ya Kirisitina na Kilistina ni 2 vilevile. Nilifanya kanuni iliyopokea mstari mmoja kutoka kila daftari, ikapima umbali wa majina, ikaongeza adhabu ndogo kama magunia au siku hazikulingana, ikarudisha nambari moja. Nambari ndogo ilimaanisha undugu.

Msomaji amekwisha kuona kwamba hili ni zao la nje. Mistari 4,800 kwa 3,900 ni vyumba 18,720,000. Mimi na vijana wawili wa nyumbani tulitumia karibu likizo nzima kuyanakili madaftari, tukisomeana kwa sauti mpaka koo zikakauka. Hesabu yenyewe niliiachia siku za mwisho, kama mtu aachiavyo jambo analoliona dogo.

Haikuwa ndogo. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa na viini vinne vya kufanyia kazi na kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu. Kwa kiini kimoja ilimudu kama jozi 2,500 kwa sekunde, maana kanuni yangu nilikuwa nimeiandika kwa orodha ndani ya orodha bila huruma. Gawanya mwenyewe: sekunde 7,488, yaani saa mbili na dakika tano hivi. Betri yangu ilidumu saa moja na nusu. Nyumbani kwa shangazi hapakuwa na umeme; nilichaji kwenye kibanda cha mtu mwenye sahani ya jua, kwa zamu, nikiwa nyuma ya simu za kijiji kizima. Hivyo kuigawa kazi kwa viini vinne hakukuwa anasa ya mwanachuo. Bila kuigawa isingekwisha.

Katika Haskell mtu hamwamuru mfanyakazi. Huacha cheche, na ndivyo waziitavyo wenyewe: kila cheche ni kijikazi kinachowekwa kando ili kiini chochote kilicho bure kikiokote. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuacha cheche moja kwa kila chumba cha jedwali. Cheche 18,720,000! Mahali pa kuzihifadhi pana nafasi ya elfu kadhaa tu kwa kila kiini; zilizozidi zilitupwa. Tena kila chumba ambacho hakijakokotolewa hushika mahali pake katika kumbukumbu kama ahadi, na ahadi nazo zina uzito. Ahadi milioni 18 ziliijaza mashine mpaka kishale cha kioo kikasimama kama mtumbwi uliopanda mwamba. Nikazima, nikarudi kibandani.

Jaribio la pili ndilo linalonifanya niandike insha hii, na ningali naona haya. Niliacha cheche moja kwa kila mstari wa jedwali, cheche 4,800, hesabu ya kiasi. Nikaweka amri ya kutangaza mistari ikiwa tayari. Nikaanza. Kabla sijavuta pumzi mara mbili mashine ikatangaza kwamba mistari yote 4,800 i tayari.

Shangazi alikuwa uani akigeuza dagaa kwenye chanja.

"Imekwisha, mwanangu?"

"Imekwisha, shangazi. Waite wenzako."

Yalikuwa majira ya mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wasipotoka kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi, na kwa hiyo wanawake walikuwa na nafasi. Walikuja kumi na mmoja, wakaketi kwenye mkeka. Nilimwamkia kila mmoja, nikafungua kompyuta, nikaiamuru ionyeshe majibu. Ukatoka mstari mmoja. Tukangoja. Ukatoka wa pili. Nikasema mashine inapasha moto. Mmoja wao akauliza kama ni kama jiko la mkaa, na wengine wakacheka kwa adabu. Baada ya saa moja na nusu ilikuwa imetoa mistari ya kutosha kurasa chache, betri ikafa, na wale mama wakaondoka mmoja mmoja wakiniaga kwa upole ulioniumiza kuliko kama wangenitukana. Shangazi hakusema neno. Alirudi kwenye chanja yake.

Kosa langu lilikuwa hili. Haskell ni lugha mvivu, na uvivu wake ni wa makusudi: haikokotoi kitu mpaka kiombwe, nacho kikiombwa hukokotoa kiasi kilichoombwa tu. Orodha ndani yake ni mnyororo, kila kiungo kikishika kitu kimoja na ncha ya mnyororo uliobaki. Ukiiambia "kokotoa orodha hii" bila kueleza mpaka wapi, hufungua kiungo cha kwanza, ikaona kwamba orodha si tupu, ikasema tayari. Kilichomo katika kiungo hicho ni ahadi bado, na mnyororo unaofuata ni ahadi vilevile. Viini vyangu vinne vilikuwa vimepita mbele ya mistari 4,800 vikagonga mlango wa kila mmoja, vikasikia "hodi" ikiitikiwa, vikaenda zao. Nilipoomba majibu, kazi yote ya kweli ilimwangukia mfanyakazi mmoja, naye alikuwa na saa mbili mbele yake. Nilimwambia shangazi kwamba imekwisha, na hakuna chumba hata kimoja kilichokuwa kimekokotolewa.

Usiku ule nilisoma tena karatasi niliyokuwa nimeipita haraka chuoni. Mwaka 1998 Trinder, Hammond, Loidl na Peyton Jones walitoa andiko lenye hoja moja kubwa: kwamba programu sambamba ina sehemu mbili zinazofaa kutengwa, yaani lile linalokokotolewa na mbinu ya kulikokotoa. Mbinu nayo husema mawili, nani afanye kazi ipi, na kila kazi ifanywe mpaka kina gani. Mimi nilikuwa nimejibu la kwanza tu. Uzuri wa hoja hiyo ni kwamba maneno ya zao la nje sikuyagusa hata kidogo. Niliyapachika mbinu mpya ubavuni, inayosema kila mstari ukokotolewe mpaka mwisho wa mwisho, na yakabaki kuwa ya kweli kama yalivyokuwa.

Nilibadili na mambo mengine mawili. Kwanza, sikulihifadhi jedwali zima. Kila mstari uliokwisha niliukunja papo hapo, nikabakiza tu wenzi wenye umbali usiozidi 3. Jedwali lote lingehitaji kama baiti 40 kwa kila chumba, karibu megabaiti 750, na ni nani aliyehitaji kujua kwamba Kristina hafanani na watu 3,890? Pili, nilifunga mistari mafungu 48 ya mistari mia mia. Rafiki yangu mmoja aliniuliza baadaye kwa nini sikufanya mafungu manne makubwa, maana viini ni vinne. Ni kwa sababu majina hayalingani urefu. Aliyepata fungu la majina mafupi angemaliza mapema akae bure, na mwenye majina marefu angekuwa bado anatoka jasho. Mafungu yakiwa mengi kuliko watu, amalizaye huchukua jingine. Wanawake wa dagaa hugawana hivyo hivyo: hakuna anayepewa robo ya samaki wote asubuhi, kila mtu hurudi na beseni lake.

Kuna wenye kuzilaumu orodha zenyewe. Guy Steele, katika mhadhara wake wa mwaka 2009, alisema kwamba minyororo ya namna hii imeumbwa kwa mtu mmoja anayetembea toka mwanzo mpaka mwisho, na kwamba anayetaka kazi sambamba ni afadhali atumie miti inayogawanyika katikati. Ni kweli kwamba ili kufika kiungo cha 2,400 huna budi kupita 2,399. Lakini kutembea viungo 4,800 mara moja, mbele ya ulinganifu milioni 18, ni kama mtu kulalamikia hatua za kutoka mlangoni hali anakwenda Namanyere kwa miguu. Nadhani lawama ile ina nguvu pale kazi ya kila kiungo inapokuwa ndogo. Yangu haikuwa ndogo.

Asubuhi, betri ikiwa imejaa, nilianza tena bila kumwita mtu. Ilichukua dakika 38. Robo kamili ya saa mbili na dakika tano ni dakika 31, na nilijua zile saba zimekwenda wapi. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiitazama meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikitia nanga mbali na ufuko. Mitumbwi ilikimbilia ubavuni mwake kwa wingi, ishirini, thelathini, kila mmoja na abiria na mizigo. Lakini mlango wa meli ulikuwa mmoja. Mtumbwi wa thelathini na moja haukuharakisha lolote. Gene Amdahl aliliweka jambo hilo katika hoja yake ya mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo huweka kikomo. Ikiwa ni moja ya ishirini, hata uwe na wafanyakazi elfu hutakwenda mara ishirini zaidi. Kusoma madaftari na kuyapanga majibu kulikuwa mlango wangu wa meli, nako kulikula dakika nne. Tatu zilizobaki zilikuwa za ugawaji wenyewe.

Nikaandika majibu kwa mkono, kwa kuwa mashine ya kuchapa ilikuwa Sumbawanga. Jioni nilimsomea shangazi peke yake, maana sikuthubutu kuwaita wale wengine. Wengi walipata wenzi wao. Mistari mia tisa na kitu ya wanawake haikupata. Upande wa mchuuzi pia ilibaki michache iliyolipwa kwa majina ambayo hayakufanana na la mwanamke yeyote, nami niliisoma upesi nikiihesabu kuwa takataka ya hesabu.

"Rudia huo," alisema shangazi.

Niliurudia: jina la mwanamume, magunia saba, mwezi na mwaka. Lilikuwa jina la mwanawe mkubwa, binamu yangu, aliyeondoka nyumbani muda mrefu uliopita. Shangazi alikuwa amemtuma kupeleka magunia hayo kwa mtumbwi, naye alirudi akasema mchuuzi ameahidi kulipa baadaye. Majina mawili yale yalikuwa na umbali wa 9 kwa kanuni yangu. Kanuni haikujua kwamba mmoja amezaliwa na mwenzake.

Alikaa kimya kwa muda, akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. Nami nilikuwa nikifikiri kwamba mstari ule haumo katika orodha ya madai wala hakuna mtu aliyeuliza habari zake, na kwamba wanawake watakwenda kwenye baraza na karatasi niliyoiandika mimi.

"Yangu umeandika magunia mangapi?"

"Thelathini na manne, shangazi."

"Andika ishirini na saba."

Nilisema kwamba mchuuzi mwenyewe huenda hajui. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile nilipomwambia imekwisha. Nikachukua kalamu, nikakata, nikaandika juu yake 27. Kisha akaniomba nimsomee tena majina ya wenzake, moja baada ya jingine, polepole, ili asikilize kama kuna mwingine mwenye mtoto aliyetumwa.